Kolwezi: Kaptere si ghali, ila nani atalipa mega na nani atashika namba?

Tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka 2025, maji ya bwawa la kampuni CDM yalitoka na kuingia ndani ya kartie za komini Annexe, kule Lubumbashi. Siku mbili nyuma yake waziri wa Migodi, Louis Watum, alisimamisha kazi ya kampuni hiyo kwa miezi mitatu. CDM inajulikana Kolwezi pia, juu ya habari za Kasulo. Kwa hiyo ulizo linakuja lenyewe: maji ya namna hiyo yakitoka hapa kwetu saa nane za usiku, nani atatujulisha mbele ya asubuhi?

Hapa bwawa za reje, yaani matope yanayobaki nyuma ya kutoa shaba na kobalti, haziko mbali na nyumba za watu. Bonde la Musonoie lilipokea reje za Gécamines kwa miaka mingi, na leo Metalkol inachota matope hayo ya zamani, pamoja na ya Kingamyambo, ili kutoa kobalti iliyobaki ndani. COMMUS inachimba karibu katikati ya mji. Luilu ina kiwanda cha KCC. Mama mwenye kuteka maji mtoni anajua kwa macho yake: rangi imegeuka, povu limejaa, samaki wanaelea, ngozi ya mtoto inawasha. Lakini macho yanachelewa. Na kesho yake, maji yakisha kupita, mama huyo hana kitu cha kuonyesha ofisini.

Jibu moja linalowezekana ni kaptere, kile kifaa ambacho Waswahili wa upande wa Tanzania na Kenya wanaita kihisi. Kinakaa mtoni au ukutani, kinapima mchana na usiku, na kinatuma namba bila waya. Si jambo la ndoto. Kampala wanazo, Nairobi wanazo, Kinshasa wanazo, na Goma wanazo za kusikiliza volkeno. Lakini ukiangalia vizuri namna zilivyofanya kazi huko, unaona kwamba kifaa chenyewe ndicho sehemu rahisi ya kazi yote.

Kutoka ukutani mpaka kwenye simu

Kaptere ya vumbi ni kiboksi kidogo chenye feni na mwali wa leza. Feni inavuta hewa, chembe za vumbi zinapita mbele ya mwanga, na kifaa kinahesabu namna mwanga unavyotawanyika. Kaptere ya maji ni kijiti chenye ncha ya kioo kinachopima pH, yaani ukali wa asidi, na mara nyingi kinafuatana na kingine kinachopima namna maji yanavyopitisha umeme. Maji yenye chumvi na metali nyingi yaliyoyeyuka yanapitisha umeme zaidi.

Kijiti hicho kinaunganishwa na kadi ndogo ya elektroniki, kwa mfano ile inayoitwa ESP32. Kadi inasoma namba na kuituma, ama kwa kadi ya simu kama tunavyotuma ujumbe, ama kwa njia ya LoRa. LoRa ni redio ndogo inayotumia umeme kidogo sana, ambayo inaweza kufika kilomita kadhaa bila mtandao wa simu. Lakini lazima mahali fulani kuwe na lango, yaani mashine inayopokea sauti za kaptere zote na kuzipeleka kwenye intaneti. Kwa Kolwezi, mji wenye mashimo makubwa na vilima vya udongo uliotupwa, redio hiyo haitafika mbali kama inavyofika kwenye uwanda wazi. Lango litahitaji kuwekwa juu, kwenye paa la shule au mnara wa kanisa. Na mbele ya kuwasha kitu chochote chenye kutuma redio, ni vizuri kuuliza ARPTC, ile mamlaka ya masafa, kifaa kisije kuchukuliwa.

Mwisho wa safari, namba zinafika kwenye jukwaa la intaneti. Ni kompyuta iliyo mbali, inayozipanga kwa saa na tarehe, inachora mstari, na inaweza kutuma ujumbe kwa simu kama namba imepita kiwango. Yako majukwaa yanayopokea kazi ndogo kama hii bure. Ukituma namba kila dakika tano, ni mara 288 kwa siku. Kwa intaneti hiyo ni kazi ndogo sana: mega mia moja kwa mwezi zinaweza kutosha. Vipande vya kaptere ya vumbi, bila plaki ya jua na bila batri, vinaweza kupatikana chini ya dola 50 kwa bei ya China. Cha maji ni ghali zaidi, juu kijiti cha pH kinachoka na kinahitaji kubadilishwa.

Sasa kuna hatua moja ambayo watu wanapita juu yake haraka. Wakati wa kufungua jukwaa, mtu anaandika adresi yake ya barua pepe na paswade. Jukwaa linampa ufunguo, mstari wa herufi na namba, na ufunguo huo unaingizwa ndani ya kadi. Bila ufunguo, hakuna kipimo kitakachoingia. Mwenye paswade ndiye anaamua kama ukurasa utakuwa wazi kwa kila mtu au utafungwa. Anaweza kufuta. Anaweza kubadilisha kiwango cha kutoa onyo. Ni dakika kumi tu za kujaza fomu, na mara nyingi anayejaza ni fundi kijana, kwa adresi yake mwenyewe, hakuna aliyemkataza. Siku fundi akipata kazi Likasi au akigombana na wenzake, mto mzima umeondoka na simu yake.

Goma ilikuwa na vifaa, ikakosa mega

Wakaaji wa Kivu wanakumbuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka, moto ukashuka mpaka karibu na kiwanja cha ndege cha Goma, watu zaidi ya 30 wakafa. Siku tano nyuma, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru sehemu ya mji iondoke, na watu kwa mamia ya maelfu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya Rwanda.

Goma ilikuwa na Kituo cha kuchunguza volkeno, OVG. Kilikuwa na wataalamu, na kilikuwa na kaptere zenye kusikia mtetemo wa ardhi. Lakini mwezi wa 10 mwaka 2020 msaada wa Banki ya Dunia uliisha, na kituo kikakosa pesa ya kulipa intaneti. Viongozi wake walieleza wakati ule kwamba kwa miezi mingi, mpaka mwezi wa 4 mwaka 2021, hawakuweza kufuata volkeno inavyotakiwa. Intaneti ilirudi mwezi mmoja tu mbele ya mlipuko.

Lazima kusema ukweli wote: uchunguzi uliofanywa nyuma ulionyesha kwamba Nyiragongo ilitoa dalili wazi kwa muda mfupi sana, dakika 40 hivi. Huenda hata kituo chenye pesa kingeshindwa kuonya mji mzima. Lakini dakika 40 ni nyingi kwa yule anayeishi chini ya mlima na ana simu mkononi. Na ni bure kabisa kama namba haifiki kwa mtu yeyote.

Kwa Kolwezi, funzo la Goma ni la hesabu. Mfadhili anapenda kununua kifaa, juu kifaa kinapigwa picha na kinabandikwa alama yake. Forfe ya kila mwezi haipigwi picha. Wala pikipiki ya yule atakayeenda Luilu kila wiki mbili kuosha kijiti cha pH, kukitia ndani ya maji ya kupimia yenye pH 4 na pH 7, na kukirekebisha. Kijiti kisichorekebishwa kinaanza kusema uongo polepole, bila kelele. Nyuma ya miezi michache kinaweza kutangaza asidi mahali ambapo hakuna, au kunyamaza mahali iko. Hapo kampuni itakuwa na haki ya kucheka namba za watu, na kwa muda mrefu hakuna atakayeamini tena kaptere ya pili.

Vita ya namba

Nani anashika namba ni ulizo la pesa na la haki. Jirani zetu wa Zambia walilionja. Tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2025, bwawa la Sino-Metals Leach karibu na Chambishi lilipasuka, maji ya asidi yakaingia katika kijito Mwambashi na kufika mto Kafue. Mji wa Kitwe ulikatiwa maji ya bomba. Kwanza hesabu iliyotangazwa ilikuwa tani 50,000 hivi. Kisha Drizit, ofisi ya Afrika Kusini iliyokuwa imeajiriwa na kampuni yenyewe kufanya uchunguzi, ikafika kwenye tani milioni 1.5. Ni mara thelathini. Kampuni ilikataa hesabu hiyo. Mkulima wa kando ya Kafue alifanya nini kati ya namba hizi mbili? Alingojea, juu yeye hakuwa na namba yake.

Hapa Lualaba, mwezi wa 3 mwaka 2024, shirika RAID la Uingereza pamoja na AFREWATCH ya kwetu Kongo walitoa ripoti juu ya maji karibu na migodi mitano mikubwa: KCC, Metalkol, Mutanda, COMMUS na Tenke Fungurume. Walichukua maji ya mito, wakayapeleka kupimwa, na waliongea na watu wa vijiji. Ni kazi ya maana. Lakini chupa ya maji ni picha ya siku moja. Ni rahisi kwa mtu kujibu kwamba siku ile haikuwa siku ya kawaida, au kwamba asidi ilitoka kwingine, au kwamba ni ya zamani za Gécamines. Kaptere yenye kukaa mtoni mwaka mzima inaweza kuonyesha saa gani maji yanageuka, kama ni nyuma ya mvua au katikati ya kiangazi, kama ni kila usiku wa Ijumaa. Kipimo cha namna hiyo ni kigumu kukikwepa, hasa kama ziko mbili, moja juu ya bomba la kampuni na nyingine chini yake.

Kampuni kubwa zenyewe zina vyombo vyao. Radari zinaangalia kuta za mashimo, na mabomba ya kupimia yanaangalia maji ndani ya tuta la bwawa. Nyuma ya Brumadinho kule Brazili, ambapo bwawa la Vale lilipasuka tarehe 25 mwezi wa 1 mwaka 2019 na kuua watu 270 bila king'ora kulia, kanuni mpya ya dunia juu ya bwawa za reje ilitoka mwezi wa 8 mwaka 2020. Glencore, mwenye KCC na Mutanda, iko katika baraza la ICMM ambalo wanachama wake waliahidi kuifuata. Kanuni hiyo inataka habari za usalama wa bwawa zitolewe kwa watu. Ni hatua. Ila ripoti ya kurasa nyingi kwa Kiingereza, ndani ya tovuti, haimsaidii mtu wa Kapata anayetaka kujua leo asubuhi kama achote au asichote.

Kuna kitu kinachosumbua akili hapa. Serikali inajua kuhesabu ikitaka. Kobalti ya nchi nzima ilifungwa isitoke tangu mwezi wa 2 mwaka 2025, kisha kuanzia mwezi wa 10 kila kampuni ikapewa kipimo chake: tani 96,600 kwa nchi nzima mwaka 2026, na tena mwaka 2027. Tani kwa tani. Maji ya Dilala na vumbi la barabara ya malori havijapata hesabu ya namna hiyo.

Kitu ambacho kaptere haioni

Mbele ya kununua, ni lazima wakaaji waambiwe wazi mipaka ya kifaa, wasije kudanganywa. Kaptere ya vumbi ya bei ndogo haijui kobalti. Inahesabu chembe tu. Vumbi la mgodi, moshi wa makala na unga wa mahindi wa jirani anayepepeta, yote kwake ni chembe. Wakati wa mvua, ukungu wa asubuhi nao unahesabiwa kama vumbi. Ndiyo sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wenzao wa Marekani waliweka kaptere zao karibu na mashine kubwa ya ubalozi wa Marekani, wakalinganisha, kisha wakasahihisha hesabu. Waligundua kwamba hewa ya Kinshasa inapita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 5 kwa meta kyubu kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa siku moja.

Halafu mwezi wa 3 mwaka 2025, serikali ya Marekani iliacha kutangaza vipimo vya hewa vya balozi zake duniani. Miji mingi ya Afrika ilizoea kutegemea mashine hizo. Uamuzi ulifanywa Washington, na hakuna meya wa Afrika aliyeulizwa.

Kwa kobalti yenyewe, maabara bado inahitajika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya watu wa Kasulo na kutangaza mwaka 2018 kwamba kobalti iko nyingi mwilini, hasa kwa watoto. Hakuna kaptere ya dola 50 itakayofanya kazi hiyo. Kazi ya kaptere ni nyingine: kusema ni saa gani na mahali gani mtu akimbie na chupa safi kuchukua maji ya kupeleka maabara. pH ikishuka kutoka 7 mpaka 4, ukali wa asidi umeongezeka mara elfu. Hapo hakuna haja ya kungojea daktari, ni kupiga simu na kukataza watoto kuoga.

Pesa iko, ila kwa mfuko gani?

Kampala inaonyesha kwamba kazi inaweza kudumu. AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, ilioanza mwaka 2015 chini ya profesa Engineer Bainomugisha, ilitengeneza kaptere zake yenyewe, zenye kuvumilia vumbi na joto, zenye plaki ya jua kwa siku umeme ukikatika, na zenye kutuma namba kwa mtandao wa simu. Walifunga hata kwenye bodaboda. Mtu wa Kolwezi anayejua umeme wa SNEL ataelewa mara moja juu ya nini plaki na batri si anasa. AirQo imepata msaada mkubwa wa nje, ikiwemo wa Google, lakini mafundi wa kutengeneza na kurekebisha wako palepale Kampala. Hiyo ndiyo tofauti.

Kwa Lualaba, sheria ya migodi ya mwaka 2018 ilifungua mifuko miwili inayoweza kulipa kazi hii. Wa kwanza ni ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kila kampuni ya migodi inatoa kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Wa pili ni asilimia 15 ya ushuru wa migodi inayokwenda kwa komini, sekta na usheferi.

Wengi watasema tuchukue wa kwanza, juu umetengwa kwa ajili ya wakaaji. Ni kosa kwa kazi hii. Ndani ya kamati inayosimamia asilimia 0.3 kampuni ina viti vyake. Ni ngumu kumpima mtu kwa mita anayoilipa yeye. Si kwamba kila mwakilishi wa kampuni ana nia mbaya. Ni kwamba siku namba zitakuwa mbaya, forfe itachelewa, batri itangojea sahihi, na hakuna atakayeweza kuonyesha kidole. Ule mfuko wa asilimia 15 ni mzuri zaidi, hata kama watu wana malalamiko yao juu ya namna komini zinavyotumia pesa. Angalau bourgmestre anaweza kuulizwa na wakaaji wake.

Gharama ya mwaka ya kaptere nne, kwa mfano mbili mtoni na mbili kwenye shule za kando ya barabara ya malori, si kubwa: mega za kila mwezi, vijiti viwili vya akiba, batri, na mshahara mdogo wa mtu mmoja wa kuzunguka. Ziwekwe ndani ya ua wa shule, kituo cha afya au parokia, si porini. Batri na plaki ya jua vikikaa peke yake porini, havitalala siku nyingi. Na ya mtoni ipewe mlinzi wa karibu anayelipwa kitu, hata kidogo.

Juu ya paswade, iko njia rahisi. Adresi ya jukwaa ifunguliwe kwa jina la kazi, si la mtu. Paswade iandikwe kwenye karatasi mbili ndani ya bahasha zilizofungwa, moja komini, nyingine chuo kikuu au parokia. Ukurasa uwe wazi tangu siku ya kwanza. Namba zote zinakiliwe kila wiki kwenye kompyuta iliyo hapa Kolwezi, kama jukwaa la bure likifunga mlango au likianza kudai dola. Na redio za mtaa zisome vipimo vya asubuhi pamoja na bei ya unga, kwa Kiswahili, kwa maneno mafupi: Luilu saa kumi na mbili, pH ngapi, jana ilikuwa ngapi.

Mvua zikianza, kijiti kirekebishwe mara mbili zaidi kuliko kiangazi, juu matope yanakiziba haraka.